Kupunguza sukari na nafasi ya vibadala vyake: maswali na majibu

Kwa nini tunahimizwa kupunguza sukari, ilhali mwili unaihitaji?

Mwili unahitaji glukosi, yaani sukari unayoitumia kupata nguvu, nayo hupatikana ya kutosha katika wanga wa nafaka, mizizi na kunde. Hauhitaji sukari ya kuongezwa. Tofauti kubwa iko katika namna inavyoingia mwilini, kwa kuwa sukari iliyoyeyushwa katika kinywaji hufika kwenye damu upesi na haishibishi, hivyo mtu hula chakula chake kilekile kana kwamba hakunywa kitu. Ziada yake huhifadhiwa kama mafuta, na unene uliopita kiasi huongeza hatari ya kisukari cha aina ya 2 na maradhi ya moyo. Kinywani nako, bakteria huitumia sukari kutengeneza asidi inayotoboa meno.

Kiasi gani kinahesabiwa kuwa kimezidi?

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba sukari huru, ambayo jibu linalofuata linaieleza, isifikie asilimia 10 ya nishati yote ambayo mtu huipata kwa siku, na kwamba kushuka chini ya asilimia 5 kungekuwa na manufaa zaidi. Kwa anayetumia kalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50, yaani takriban vijiko 12 vya chai, na asilimia 5 ni gramu 25. Soda ya kawaida ya mililita 330 huwa na takriban gramu 35. Anayekunywa chai mara tatu kwa siku, kila kikombe kwa vijiko viwili, tayari amefikisha vijiko 6 kabla hajala kitu chochote kitamu. Na hapo tunasema kijiko kilichosawazishwa juu, si kile kilichojaa kilima, ambacho wengi wetu huendelea kukiita kimoja.

Je, asali na juisi halisi ya matunda zimo katika hesabu hiyo?

Zimo. Sukari huru ni ile inayoongezwa na mpishi, kiwanda au mlaji, pamoja na iliyomo katika asali, sharubati na juisi ya matunda, hata kama juisi hiyo haikutiwa chochote. Tunda zima na maziwa havimo.

Vibadala vya sukari ni vitu gani hasa?

Ni makundi mawili ambayo hayapaswi kuchanganywa. La kwanza ni la vitu vitamu kupita kiasi vinavyotumika kidogo sana, kama sakarini, iliyogunduliwa mwaka 1879, aspatemu, ambayo ni tamu takriban mara 200 kuliko sukari, sukralosi, ambayo hufikia mara 600, na dondoo za majani ya stevia. La pili ni la alkoholi za sukari, kama zailitoli na sorbitoli, ambazo zina kalori, ingawa ni chache kuliko za sukari, na ambazo zikiliwa kwa wingi hujaza tumbo gesi na kuharisha. Zailitoli haiozeshi meno, lakini ni sumu kwa mbwa.

Je, vibadala hivi husaidia kupunguza uzito?

Katika majaribio ya muda mfupi, watu walioweka vibadala mahali pa sukari walipungua uzito kidogo. Tafiti zinazofuatilia watu kwa miaka mingi, hata hivyo, hazionyeshi faida hiyo, na baadhi zimeona kisukari cha aina ya 2 na maradhi ya moyo vikiwa vingi zaidi miongoni mwa watumiaji. Matokeo haya yasomwe kwa uangalifu, kwa sababu aliyekwisha kunenepa ndiye anayekimbilia vibadala, na ni vigumu kutenganisha kilichotangulia na kilichofuata. Mwezi Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba vibadala vya kundi la kwanza visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito. Ushauri huo ulitolewa kwa masharti, na haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari.

Kwa maoni yangu, kibadala kinamfaa zaidi mtu aliyezoea soda kila siku na anayetafuta pa kuanzia. Anayekitumia ili chai yake ibaki na utamu uleule maisha yote hajaufundisha ulimi wake kitu. Kupunguza nusu kijiko, kukaa hapo mpaka ladha izoeleke, kisha kupunguza tena, ni kazi ya polepole, lakini haihitaji kununua chochote.

Je, ni kweli kwamba aspatemu husababisha saratani?

Mwezi Julai 2023 wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani uliiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Kundi hilo hueleza uzito wa ushahidi, ambao hapa ni mdogo, wala halielezi ukubwa wa hatari. Wakati huohuo kamati ya wataalamu wa viungio vya chakula ilibakiza kikomo cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mtu wa kilo 70 angelazimika kunywa zaidi ya makopo 9 ya soda yenye aspatemu kwa siku ili akivuke. Wenye ugonjwa wa kurithi wa fenilketonuria ndio wanaopaswa kuiepuka kabisa.

Mwenye kisukari anayetumia insulini aondoe sukari yote nyumbani?

Hapana. Sukari ya damu inaposhuka mno, mtu hutetemeka, hutokwa na jasho na huchanganyikiwa, na hapo anahitaji takriban gramu 15 za sukari ya kweli, kama vijiko vitatu au vinne vilivyokorogwa katika maji au nusu glasi ya juisi. Kibadala hakitamsaidia, wala soda isiyo na sukari, na chokoleti huchelewa kwa sababu ya mafuta yake. Baada ya dakika 15 apimwe tena, na akiwa bado chini arudie. Akiwa amepoteza fahamu asitiwe chochote mdomoni, bali alazwe kwa ubavu na msaada wa kitabibu uitwe mara moja.