Maswali na majibu: Madoa ya gamba na jinsia ya kobe mchanga

Mvua zikianza Novemba na Desemba, makobe wachanga hutoka ardhini kwenye tambarare zenye joto kama Usangu, Pawaga na Chunya. Baadhi yao huokotwa na watoto, kisha hupandishwa hadi majumbani Mbeya mjini, Iringa, Mafinga, hata Njombe kwenye baridi kali. Familia ikishampata, mara nyingi jambo la kwanza inalotaka kujua ni kama ni dume au jike. Gamba la kobe mchanga lina mengi ya kueleza, ila hilo halimo.

Kobe wetu ana madoa mawili meusi kwenye kila kipande cha gamba. Jirani anasema hiyo ni alama ya jike. Ni kweli?

Si kweli. Kobe wa madoamadoa, yule mkubwa anayefahamika zaidi huku kwetu, hutoka yaini akiwa na rangi ya manjano iliyopauka na doa moja au mawili meusi kwenye vibamba vya mgongoni. Madume wanayo, majike wanayo. Anavyokua, madoa hayo hukatikakatika yakawa michirizi na vitone, na uzeeni rangi hufifia kabisa. Hata ndugu wa tundu moja hutofautiana sana.

Ukitaka kulisoma gamba, anza kwa kuhesabu. Katikati ya mgongo kuna vibamba vitano, na kila upande vinne, jumla 13. Kobe mwenye kibamba cha ziada au kilichopinda hana ugonjwa. Mara nyingi ni matokeo ya yai kupata joto kali au ukavu likiwa udongoni, naye huishi vizuri kama wenzake.

Basi jinsia nitaijuaje?

Kwa kusubiri. Kobe wa madoamadoa huanza kuonyesha jinsia yake kwa uhakika akikaribia urefu wa sentimita 20 au zaidi, na ukubwa ndio unaohesabika kuliko umri, kwa sababu anayelishwa sana hukua haraka kuliko wa porini. Hapo tazama mkia. Dume ana mkia mrefu, mnene, ambao huulaza upande mmoja. Jike ana mkia mfupi na mpana kidogo. Kisha mgeuze polepole, kwa muda mfupi, umtazame gamba la tumboni: la dume limebonyea kwa ndani ili aweze kumpanda jike, la jike ni tambarare. Alama moja isikutoshe, zitazame zote mbili.

Tabia pia hupotosha. Makobe wadogo hupandana na kusukumana bila kujali jinsia, kwa kugombea ukubwa tu. Usimwite dume kwa sababu hiyo.

Jinsia yenyewe huamuliwa na joto la udongo wakati yai likiwa limefukiwa. Udongo wa baridi kiasi hutoa madume zaidi, wa joto zaidi hutoa majike. Kwa hiyo kila kitu kilishaamuliwa kabla hujamwona, na hakuna chakula wala dawa itakayobadilisha.

Kati ya kibamba na kibamba kumetokea mistari myeupe. Ni fangasi?

Kwa kobe mchanga, mstari mweupe ulio safi, mkavu na usio na harufu ni ukuaji mpya. Gamba ni mfupa hai, umeungana na uti wa mgongo na mbavu, na juu yake pana tabaka gumu la aina ile ile ya kucha zetu. Tabaka hilo huongezeka pembezoni mwa kila kibamba. Ndiyo maana huonekana mizunguko. Watu huihesabu kama miaka, lakini kobe aliyeshiba anaweza kuweka mizunguko kadhaa kwa mwaka mmoja, na wakati wa njaa asiweke wowote.

Kinachotakiwa kukutia wasiwasi ni sehemu inayonuka, inayotoa majimaji, inayobonyea ukiigusa au kibamba kinachobanduka. Huko ni kuoza kwa gamba, na kobe anahitaji daktari wa mifugo mapema.

Mgongo wa kobe wangu unavimba vilimavilima. Tumpunguzie chakula?

Kwa miaka mingi lawama zote zilipewa chakula cha protini. Utafiti uliofanywa kwa makobe wachanga na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa ukavu wa hewa ndio uliochangia zaidi. Hili linatuhusu moja kwa moja, maana kuanzia Mei hadi Septemba hewa ya nyanda hizi ni kavu na ya baridi, na kobe anayekaa kwenye boksi sakafuni hukaukiwa.

Mpe sehemu ya kujificha yenye udongo mnyevu kidogo na nyasi, na mloweshe kwenye maji ya uvuguvugu yasiyofika kidevuni mara mbili tatu kwa wiki, dakika kumi na tano hivi, mchana wa jua. Chakula kiwe nyasi na magugu ya aina mbalimbali. Mchicha usiwe wa kila siku. Ugali, wali, mkate na nyama si chakula chake. Vilima vilivyokwishatokea havirudi chini, ila gamba linaloota baadaye linaweza kuota laini.

Kuhusu baridi ya Juni na Julai, usiku mwingize ndani, kwenye boksi lenye nyasi kavu nyingi, mbali na mlango. Msiwashe jiko la mkaa chumbani ili apate joto. Hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa huua watu waliolala, na kila msimu wa baridi jambo hili lastahili kusemwa upya.

Gamba lake ni laini. Ni kawaida?

Aliyetoka yaini karibuni huwa na gamba linalobonyea kidogo, na tumboni utaona kovu la kiini cha yai, ambalo hufunga lenyewe. Lakini kobe wa miezi mingi ambaye gamba lake linabonyea kama karatasi ngumu ana upungufu wa kalsiamu, au amekosa jua. Mwanga unaopita kwenye kioo cha dirisha haumsaidii, kwa sababu kioo huzuia miale inayomwezesha kutengeneza vitamini D. Mtoe nje, apate jua la asubuhi na kivuli cha kukimbilia. Ganda la yai lililochemshwa, likakaushwa na kusagwa, linaweza kunyunyizwa kwenye majani yake.

Wako makobe ambao hali hii ni maumbile yao. Kobe bapa, anayeishi kwenye nyufa za miamba, hubaki na gamba linalobonyea maisha yake yote. Yule mwenye bawaba nyuma ya mgongo naye huwashtua watu: bawaba hiyo haipo akiwa mchanga, huja kutokea anavyokua, na wenye nyumba hudhani amepasuka.

Tunaweza kumtoboa gamba tumfunge kamba asipotee? Au kumpaka rangi?

Hapana, tafadhali. Mfupa huo una mishipa ya damu na ya fahamu, kwa hiyo kobe anasikia maumivu yote ya kutobolewa, na tundu hilo ni mlango wa vijidudu. Rangi ya mafuta ina kemikali za sumu na huziba miale ya jua. Mafuta ya kupikia hayamng'arishi kiafya, hukusanya vumbi tu. Mtengenezee uzio mfupi wa mbao au matofali, inatosha.

Aliyepitiwa na moto wa nyika, ukamkuta na sehemu nyeupe kama mfupa mtupu, mwoshe kwa maji safi ya uvuguvugu, mweke mahali pasafi bila nzi, umpeleke kwa daktari wa mifugo. Usimpake majivu wala samadi.

Anaweza kuwaambukiza watoto?

Anaweza, na hili ni zito kuliko suala la dume na jike. Makobe wengi hubeba bakteria wa salmonela tumboni bila kuugua, na hutoka kwenye kinyesi mara moja moja, hivyo kipimo cha siku moja kinaweza kukudanganya. Dawa za kuua bakteria haziwaondoi kabisa. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 uuzaji wa kobe na kasa wenye magamba mafupi kuliko sentimita 10 hivi, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni.

Kila anayemshika anawe mikono kwa sabuni na maji tiririka, hata kama amemshika sekunde chache. Kobe asitembee jikoni. Beseni lake lisiwe la vyombo, na maji yake yamwagwe chooni. Watoto walio chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu wasimshike kabisa.

Dalili kwa binadamu ni kuhara, homa na tumbo kusokota, kwa kawaida kati ya saa 6 na siku 6 baada ya maambukizi. Mpe mtoto maji ya ORS. Ukiona damu kwenye choo, macho yamezama, analegea au ni mchanga wa miezi, mpeleke kituo cha afya mara moja na umwambie mhudumu kuwa nyumbani kuna kobe. Wengi husahau kulitaja, na ndilo linalomsaidia mhudumu kujua pa kuanzia.

Tunaruhusiwa kumfuga?

Kobe wa porini ni mnyamapori, na chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 kumiliki kunahitaji kibali. Kobe bapa yuko hatarini kiasi kwamba tangu 2019 biashara yake ya kimataifa kwa wanaotoka porini imefungwa. Ukimkuta njiani, msogeze upande aliokuwa anaelekea, umwache. Aliyekaa kwako muda mrefu usimwachie porini mwenyewe, maana anaweza kupeleka magonjwa kwa wenzake au kuachwa mahali asipoweza kuishi. Nenda ofisi ya maliasili ya wilaya, ueleze ulimpata wapi na lini, wakuelekeze.