Mtutu na mfumo wa gesi wa karabini: yanayosemwa na yalivyo

Anayeunganisha karabini, yaani bunduki fupi, ya aina ya AR-15 huanza kwa kuuliza mtutu uwe na inchi ngapi. Hiyo ni nusu ya swali. Nusu nyingine ni tundu la gesi, linalochota gesi ya baruti ili iendeshe bunduki, limetobolewa wapi, na kutoka hapo hadi mdomo wa mtutu zimebaki inchi ngapi. Bunduki nyingi zinazokwama au kula vipuri haraka zina tatizo kwenye nusu hiyo ya pili.

Dhana: Mtutu mfupi hauna shabaha.

Shabaha na kasi ni mambo mawili. Mitutu miwili ikiwa na unene sawa, ule mfupi ndio mkakamavu zaidi na hutikisika kidogo risasi inapopita. Kinachopungua ni kasi. Risasi ya kijeshi ya M855 hutoka kwenye mtutu wa inchi 20 wa M16, bunduki ndefu ya kijeshi, kwa zaidi ya mita 940 kwa sekunde, lakini kwenye karabini ya M4 ya inchi 14.5 hutoka kwa karibu mita 900. Hasara hiyo utaiona mbali, risasi inapoanza kushuka na kusukumwa na upepo. Dhana hii ilizaliwa enzi za vilengeo vya chuma, kwa sababu mtutu mrefu hutenganisha kilengeo cha mbele na cha nyuma, na kosa dogo la jicho huonekana mapema. Ukifunga darubini, faida hiyo haipo tena. Angalia badala yake ukingo wa mdomo wa mtutu: mkwaruzo mmoja pale hufanya gesi itoke upande mmoja kabla ya mwingine, na risasi inayumba tangu inapoondoka.

Dhana: Karabini inafaa mfumo wa gesi wa karabini, basi.

Hapa ndipo penye kiini cha habari, na inafaa kupiga hesabu. Mifumo ya kawaida ni minne, na tundu la gesi huwa takribani inchi 4 mbele ya risiva (mwili wa bunduki unaoshika mtutu) kwa mfumo wa bastola, 7 kwa wa karabini, 9 kwa wa kati na 12 kwa wa bunduki ndefu. Mara risasi inapopita tundu, gesi huanza kuingia kwenye mrija, na huendelea kusukumwa humo mpaka risasi itoke mdomoni. Umbali huo wa mwisho ndio huamua gesi itasukuma kwa muda gani.

M16 ina mtutu wa inchi 20 na tundu kwenye 12: zinabaki 8. M4 ina 14.5 na tundu kwenye 7: zinabaki 7.5. Zote zinakaribiana. Sasa chukua mtutu wa inchi 16 uliowekewa mfumo wa karabini: zinabaki 9. Gesi inasukuma kwa muda mrefu kuliko hata kwenye M16, na inachotwa karibu na chemba (panapokaa risasi kabla ya kupigwa), mahali ambapo shinikizo na joto bado viko juu. Matokeo yake bolti, kipande kinachofunga chemba, hufunguka wakati ganda la risasi bado limevimba na kushikamana na kuta za chemba. Ndoano ya kuvutia ganda hung'oa kipande cha ukingo wake, na meno ya bolti huanza kupasuka mapema. Mtutu huohuo wa inchi 16 ukiwa na mfumo wa kati, zinabaki 7, na bunduki inatulia mkononi.

Mbona basi mtutu wa inchi 16 wenye gesi ya karabini umejaa kila mahali? Sheria ya silaha ya Marekani ya mwaka 1934 inataka bunduki yenye mtutu chini ya inchi 16 isajiliwe, kwa hiyo watengenezaji walirefusha mtutu wa karabini na kuacha tundu palepale. Urefu huo hupimwa kutoka uso wa bolti iliyofungwa hadi mdomoni. Kifaa cha mdomoni huhesabiwa tu kikiwa kimefungwa daima, kwa mfano kwa pini na kulehemiwa.

Wengine wakishaelewa haya hukimbilia upande wa pili na kudhani mfumo mrefu daima ni bora. Weka mfumo wa inchi 12 kwenye mtutu wa 14.5: zinabaki 2.5 tu. Gesi haipati muda, na kwenye baridi, uchafu au risasi dhaifu, bolti hairudi nyuma kikamilifu.

Dhana: Gesi ikizidi, weka bafa nzito.

Bafa ni kizito kinachopokea bolti inaporudi nyuma. Ya kawaida ya karabini ina gramu 85 hivi, na zile nzito zaidi: H ina 108, H2 ina 130 na H3 ina 153. Uzito huchelewesha bolti kufunguka, na hilo linasaidia kweli. Lakini gesi inayoingia haipungui hata chembe. Unaongeza mzigo tu kwenye injini inayokimbia kupita kiasi. Ukifunga kizuia sauti, shinikizo la kurudi nyuma huongezeka na bafa inashindwa tena. Dawa ya chanzo ni tundu la kipimo sahihi au bloku ya gesi (kipande kinachofunika tundu na kupeleka gesi kwenye mrija) inayorekebishwa.

Maganda yakirukia mbele, gesi huenda imezidi. Yakienda ubavuni au nyuma kidogo, mambo ni mazuri. Ishara hii haitoshi peke yake, maana springi ya kutupa ganda nayo hubadilisha mwelekeo. Jaribio la uhakika zaidi: tia risasi moja kwenye magazini, piga, uone kama bolti inabaki wazi. Rudia mara kadhaa. Isipobaki wazi, huenda gesi haitoshi, au inavuja.

Dhana: Bloku ya gesi inasukumwa hadi igote, inakazwa, kazi imeisha.

Kosa hili ni dogo kwa macho na kubwa kwa matokeo. Mitutu mingi ilichongwa kwa ajili ya kilengeo cha mbele cha kijeshi, ambacho huacha nafasi ya kifuniko cha bati cha kikinga mkono, takribani milimita 0.76. Bloku fupi ya kisasa haina kifuniko hicho. Ukiigotesha, tundu lake linapitana na tundu la mtutu na njia ya gesi inazibwa kiasi. Acha nafasi hiyo kabla ya kukaza. Baada ya kupiga risasi kadhaa, hakikisha bunduki haina risasi, fungua bloku na utazame alama ya masizi: ikiwa duara limekaa katikati ya tundu, umepatia; likiwa mwezi mchanga, sogeza. Usishike kekee kabla ya kukagua hili na skrubu za kipokea gesi (kinapoishia mrija) juu ya kibeba bolti. Tundu likishapanuliwa halirudi.

Dhana: Nafasi za pete tatu za gesi zikilingana, bunduki itakwama.

Kwenye muundo wa Eugene Stoner, mbunifu wa mfumo huu, gesi huingia ndani ya kibeba bolti na kupanuka nyuma ya bolti, hivyo bolti yenyewe ndiyo pistoni na pete ndizo kizibo chake. Pete nzima hufanya kazi hata nafasi zake zikijipanga mstari mmoja, na huzunguka zenyewe bunduki inapopigwa. Kinacholeta tatizo ni pete zilizochakaa. Toa kibeba bolti, vuta bolti mbele kabisa, kisha kisimamishe chote juu ya uso wa bolti mezani. Kikishuka kwa uzito wake chenyewe, badilisha pete zote tatu.