Kabla ya sindano ya kwanza ya soriasisi au pumu ya ngozi

Siku hizi mgonjwa wa soriasisi anaingia kliniki akiwa na jina la dawa kwenye simu. Ndugu aliyeko Muscat au Minnesota kamtumia ujumbe: mwambie daktari akuandikie hii, mwenzangu kazini imemsafisha mwili mzima. Na ndugu hasemi uongo. Katika jaribio kubwa la adalimumab, moja ya sindano hizo, watu 7 kati ya 10 walipungukiwa na robo tatu ya ugonjwa au zaidi ndani ya wiki 16. Risankizumab, sindano nyingine iliyoidhinishwa mwaka 2019, iliwafikisha takriban idadi hiyohiyo kwenye nafuu ya asilimia 90. Sisi madaktari wa ngozi hatukuwa na kitu cha namna hiyo zamani.

Lakini kabla sijaandika chochote nina maswali yangu, na mengi hayahusu ngozi. Kuna mtu nyumbani anakohoa? Unaoga ziwani? Una mimba, au unatarajia? Unasafiri lini?

Nieleze kwa nini. Ngozi ya kawaida hujifanya upya kwa takriban mwezi mmoja. Kwenye soriasisi kazi hiyo inafanyika kwa siku chache, seli zinafika juu hazijakomaa, zinarundikana na kuwa magamba. Anayezikimbiza ni kinga ya mwili yenyewe. Baadhi ya seli za kinga ngozini hutoa protini iitwayo intaleukini 23, kwa kifupi IL-23. Hiyo inaziamsha seli nyingine zitoe IL-17, na IL-17 ndiyo inayoichochea ngozi izaliane ovyo. Protini nyingine, TNF, inakoleza mchochota wote. Pumu ya ngozi, yaani ekzema, ina njia yake: IL-4 na IL-13 zinadhoofisha ukuta wa ngozi, IL-31 inachochea muwasho unaomnyima mtoto usingizi.

Dawa za zamani, kama methotrexate na cyclosporine, zinatuliza kinga kwa upana. Hizi mpya nyingi ni kingamwili, yaani protini za kinga, zinazotengenezwa maabara, kwa mbinu iliyotokana na kazi ya Georges Köhler na César Milstein pale Cambridge mwaka 1975, na kila moja inakamata kitu kimoja tu au viwili. Adalimumab inakamata TNF. Secukinumab inakamata IL-17A. Risankizumab inakamata IL-23. Dupilumab inaziba kipokezi ambacho IL-4 na IL-13 hukitumia. Badala ya kukata umeme mtaa mzima unazima swichi moja. Tatizo ni kwamba swichi hiyo inawasha taa zaidi ya moja.

Chukua TNF. Mtu akivuta bakteria wa kifua kikuu, mara nyingi haugui. Kinga inawazingira mapafuni kwa ukuta wa seli, na wanaweza kukaa humo miaka bila yeye kujua. TNF ni mojawapo ya vitu vinavyoushikilia ukuta huo. Mwaka 2001 ndipo ilipochapishwa ripoti ya wagonjwa waliopata TB baada ya kuanza infliximab, dawa nyingine ya kuzuia TNF, wengi ndani ya miezi michache tu, na kwa wengi ilikuwa imetoka nje ya mapafu. Huko Ulaya na Marekani wenye bakteria waliolala ni wachache. Hapa kwetu, mtu aliyekulia nyumba ya kupanga, akapanda daladala maisha yake yote, namhesabu kuwa huenda anao mpaka vipimo viniambie vingine.

Kipimo tulichonacho sehemu nyingi ni kile cha sindano ndogo ya mkononi, Mantoux. Mgonjwa anarudi baada ya saa 48 hadi 72. Hapo wengi wanakosea, kwa sababu wanaangalia wekundu, nao kwenye ngozi nyeusi hata hauonekani vizuri. Unachopima ni ugumu wa uvimbe. Napitisha kidole taratibu kuelekea katikati mpaka kigonge ukingo, naweka alama kwa kalamu, nafanya hivyo upande wa pili, kisha rula. Kwa anayetarajia dawa hizi, milimita 5 zinatosha kunisimamisha. Kweli, chanjo ya TB ya utotoni, BCG, inaweza kukivuruga kipimo, na kile cha damu hakina shida hiyo, ila bei yake si ya kila mtu. Halafu picha ya kifua. Tukikuta bakteria waliolala, mgonjwa anaanza dawa za kinga ya TB, na sindano inasubiri walau mwezi mmoja.

Kwa hiyo nikiwa na uwezo wa kuchagua, kwa soriasisi hapa kwetu nachagua dawa ya IL-17 au IL-23 kuliko ya TNF. Hatari ya TB ni ndogo zaidi, ingawa kipimo kinabaki palepale. IL-17 nayo ina taa yake: ndiyo inayotulinda dhidi ya fangasi wa kandida, na mwenye ugonjwa wa mchochota wa utumbo simpi kabisa.

Kwa pumu ya ngozi hadithi inageuka, na hapa ndipo naona tofauti kubwa zaidi kati ya sisi na waliofanya majaribio. IL-4 na IL-13 zinazomtesa mtoto kwa muwasho ndizo hizohizo ambazo mwili hutumia kufukuza minyoo: utumbo unatoa ute mwingi, unajikaza, unawasukuma nje. Majaribio ya dupilumab hayakuwaingiza watu wenye minyoo inayojulikana, na maelezo ya dawa yenyewe yanataka minyoo itibiwe kwanza. Kwa mtoto wa Stockholm sentensi hiyo ni ya kupita tu. Kwa mtoto wa Ukerewe au Mbita, huko Ziwa Victoria, ni shughuli kamili, yaani choo kipimwe, mkojo upimwe kama kuna kichocho, apewe praziquantel ya kichocho na albendazole ya minyoo, na tuendelee kuangalia baadaye.

Vidonge vya kuzuia JAK, vimeng'enya vinavyopitisha ujumbe ndani ya seli za kinga, kama upadacitinib na baricitinib, vinakata muwasho haraka mno, wengine wanasema ndani ya siku chache. Vinaongeza mkanda wa jeshi. Hilo nalisema mapema na kwa uwazi, maana mtaani mtu akitoka mkanda wa jeshi majirani wameshamaliza kumpima VVU wao wenyewe. Pia tangu 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani imeweka onyo kali kuhusu moyo, kiharusi, kuganda kwa damu na saratani. Onyo lilitokana na wagonjwa wa baridi yabisi wa miaka 50 na kuendelea waliotumia tofacitinib, kidonge cha kundi hilohilo, lakini mvutaji sigara mwenye presha simwandikii kwa moyo mweupe.

Mambo mawili zaidi ambayo kwetu si madogo. Chanjo ya homa ya manjano ni ya virusi hai, hivyo anayetarajia kuvuka mpaka achanjwe kabla ya kuanza, si baada. Na mama aliyetumia dawa ya TNF mwishoni mwa mimba, mtoto wake asipewe BCG, ambayo ni ya bakteria hai, siku ya kuzaliwa kama wengine. Dawa nyingi za kundi hilo hupita kondo la nyuma na kukaa mwilini mwa mtoto miezi kadhaa. Kuna kisa kilichoripotiwa mwaka 2010 cha mtoto aliyefariki kwa BCG iliyosambaa baada ya mama kutumia infliximab. Namwandikia mama barua na kumwambia aikabidhi mkononi kwa muuguzi wa wodi ya wazazi.

Sasa, wengi wanaokuja kwangu hawajawahi hata kupewa methotrexate ipasavyo. Wamepewa prednisolone duka la dawa, wakang'aa wiki mbili, wakaacha, soriasisi ikarudi na usaha. Methotrexate ni nafuu, na wengi inawatosha. Inamezwa mara moja kwa WIKI. Kwenye karatasi naandika siku yenyewe, "Jumapili tu", kwa sababu watu wameshakufa kwa kuimeza kila siku. Anayetaka mimba haimfai, na ini linapimwa.

Bei ya sindano naitaja mwenyewe kabla ya mgonjwa kuuliza. Dupilumab ilipoingia sokoni Marekani mwaka 2017 ilipangiwa dola 37,000 kwa mwaka. Adalimumab imeshapata nakala zake Ulaya tangu 2018, na huko bei imeshuka. Hata hivyo hakuna kati ya hizi inayoponya moja kwa moja. Ukiacha, kwa wengi ugonjwa unarudi, na dawa za vituovituo zinaweza kuufanya mwili utengeneze kingamwili dhidi ya dawa yenyewe. Ndugu wa Minnesota akisema atalipia dozi mbili za kuanzia, namuomba mgonjwa ampigie simu palepale tuulizane habari za dozi ya tatu, na za friji, kwa sababu sindano inakaa nyuzi 2 hadi 8 na umeme wetu mnaujua.