Wati 50 mara 4 kwenye boksi la redio ya gari

Wengi wanaobadilisha redio iliyokuja na gari huamini kwamba namba kubwa ya wati kwenye boksi ndiyo sauti kubwa zaidi. Ni rahisi kuamini hivyo, maana namba hiyo ndiyo iliyoandikwa kwa herufi nene.

Namba hiyo ni ya kilele, nguvu inayotoka kwa kufumba na kufumbua. Nguvu ya kudumu huandikwa kwa maandishi madogo pembeni mwa herufi RMS, na kwa redio isiyo na amplifaya ya nje mara nyingi huwa kati ya wati 14 na 22 kwa kila spika.

Unaweza kuhakiki mwenyewe. Geuza redio, tazama fyuzi mgongoni. Ikiwa ni ya ampea 10, na injini inayounguruma hutoa takriban volti 14, basi redio nzima haiwezi kuvuta kwa kudumu zaidi ya wati 140 hivi, na sehemu yake inaishia kuwa joto (ndiyo maana mgongo wake huchemka). Wati 200 za kudumu (zile 50 mara spika 4) zitoke wapi?

Isitoshe, kuongeza wati maradufu huongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, tofauti ndogo sikioni. Kwa maoni yangu, kabla ya kununua redio tazama spika: inayotoa desibeli 91 kwa wati 1 hufanya kazi ya ile inayotoa 88 kwa nusu ya nguvu. Na kama karatasi ya spika ya zamani imechanika, redio mpya itakwaruza vilevile.