Tokeni si sarafu bandia

Juzi nimesoma tena kwamba Waingereza wa karne ya 18 "walitumia sarafu bandia za shaba". Za bandia walizitumia kweli, tena tele. Ila picha iliyowekwa chini ya maneno hayo ilikuwa ya tokeni, na vitu hivi viwili haviivi chungu kimoja.

Tokeni ilikuwa kipande cha shaba kilichotolewa na mfanyabiashara, si na serikali, pamoja na ahadi kwamba atakayekirudisha atalipwa. Kuanzia 1775 hadi 1797 serikali haikutoa sarafu za shaba, na wenye migodi na viwanda wakakosa chenji ya kulipa vibarua. Mwaka 1787 kampuni ya mgodi wa Parys, kisiwani Anglesey, ikatoa peni zake. Wenye maduka wakafuata, wengine kwa ajili ya matangazo tu: Lackington, muuza vitabu wa London, alijiandika kwenye zake kuwa wa bei nafuu kuliko wote duniani.

Sasa neno lenyewe. Token katika Kiingereza cha kale ni ishara, na nduguye wa Kijerumani, Zeichen, mpaka leo ana maana hiyohiyo. Ishara hukuelekeza kwenye kitu kingine. Zile tarakimu 20 unazoingiza kwenye mita si umeme, ni ishara kwamba umeulipia, na hakuna anayeziita umeme bandia. (Sisi nasi tusiidharau shaba: pesa, kabla ya kumeza maana ya fedha zote, ilikuwa jina la kisarafu cha shaba chenye asili ya India, 64 kwa rupia.)

Anayeghushi hulificha jina lake na kujivika sura ya mfalme. Mwenye tokeni alitaka ajulikane, akaweka jina, mji, na mara nyingi ukingoni akaandika italipwa wapi. Peni za kwanza za Anglesey zilitoka 16 kwa ratili moja ya shaba. Kwa uzito wa nusu peni za mfalme, yaani za serikali, ratili hiyo ingetoa sarafu zenye thamani ya peni 23. Yaani hiyo inayoitwa bandia ilikuwa na shaba nyingi kuliko ya halali! Na tokeni zenyewe zilighushiwa. Nani angehangaika kughushi kitu cha bandia?

Nakubali mambo yalichafuka baadaye. Wakusanyaji walipozipenda, mafundi wakawatengenezea nyingine zenye pande zisizohusiana, bila mtu yeyote wa kuzilipa. Hizo ziite mapambo ukitaka.

Kwa hiyo ndugu mwandishi, picha uliyoweka ina kichwa cha Druid, kuhani wa kale, ndani ya shada la majani. Uso wa mfalme haumo. Igeuze upande wa pili usome: inaahidi kumlipa aliyeishika peni moja. Badilisha neno moja tu, mengine yote katika makala yako ni sawa.