Je, wajua? Kisiwa kizima kilihamishiwa Uingereza, afu watu wakapiga kura warudi kwao

Kuna watu hapa duniani walishaonja maisha ya pande zote mbili, kisiwa kidogo kilichosahaulika baharini na nchi kubwa yenye kila kitu, wakaambiwa haya chagueni, wakachagua kisiwa. Na wala haikuwa kura ya kubanana, ilikuwa 148 kwa 5. Sasa kwanini? Manake kwa wengi wetu mtu akipata nafasi Uingereza, nyumba ipo, kazi ipo, hospitali ipo, afu anasema hapana nirudisheni kwetu, moja kwa moja tunauliza huyu kalogwa na nani.

Kisiwa chenyewe kinaitwa Tristan da Cunha na mpaka leo kiko chini ya himaya ya Uingereza. Fungua ramani, weka kidole Cape Town, afu kivute kuelekea magharibi baharini kama kilomita 2,800, kwenye maji matupu hapo ndo kipo. Jirani yao wa karibu mwenye watu ni kisiwa cha Saint Helena, ambacho nacho kiko zaidi ya kilomita 2,400 upande wa kaskazini, yaani jirani wa kwenda kumuomba chumvi ndo huyo. Ni mlima wa volkano uliochomoza baharini, kilele kina mita 2,062, kisiwa kizima kilomita za mraba 98 hivi, na sehemu ya maana ya kuishi binadamu ni kipande chembamba cha tambarare chini ya majabali. Kijiji kimoja tu, jina lake rasmi Edinburgh of the Seven Seas lakini wenyewe hawahangaiki na jina refu hivyo, wanasema tu kijijini. Watu hawafiki 250. Shule moja tu ya msingi ya Dar ina watoto wengi kuliko kisiwa kizima na wazee wake wote.

Uwanja wa ndege hamna. Meli kutoka Cape Town zinafika mara chache tu kwa mwaka, safari ni kama wiki nzima, ikichafuka ni zaidi, na ukishafika usidhani umefika, unaweza ukakaa melini siku kadhaa unaangalia nyumba za watu pale ufukweni, moshi wa jikoni unauona, ila kushuka huwezi kwasababu kibandari ni kidogo na mawimbi yakishakataa yamekataa.

Walifikaje huko? Mwaka 1816 Waingereza walipeleka wanajeshi kukishika hicho kisiwa, wakihofia kisije kikatumika kumtorosha Napoleon, yule mtawala wa zamani wa Ufaransa, aliyekuwa kafungwa Saint Helena. Ukiangalia huo umbali unajiuliza nani angemtorosha kupitia huko, ila serikali zikishaogopa hazina hesabu. Mwaka uliofuata jeshi likaondolewa, koplo mmoja Mskoti, William Glass, akaomba abaki na mke wake na watoto, pamoja na wenzake wawili. Wakaandikishana mkataba, Novemba 1817, kwamba mali ni ya wote kwa usawa, faida na gharama sawasawa, na kwamba hakuna mtu atakayejifanya mkubwa kwa mwenzake. Baadaye wakaja wanawake kutoka Saint Helena mwaka 1827 manake wanaume walikuwa wamechoka upweke, wakaja mabaharia wa meli zilizovunjika, Mholanzi mmoja, Wamarekani, mwaka 1892 Waitaliano wawili wakabaki baada ya meli yao kuharibika. Ndo maana mpaka leo majina ya ukoo pale kimsingi yanazunguka mlemle, Glass, Green, Swain, Rogers, Hagan, Repetto, Lavarello.

Huo mkataba wa Glass usiusahau, ndo wenye jibu la swali letu.

Tuje 1961. Kuanzia Agosti ardhi ilianza kutetemeka, nyumba zinapasuka nyufa, mawe yanaporomoka kutoka mlimani. Oktoba ardhi ikachanika karibu kabisa na nyumba zao, kukaota kama kichuguu kinachovimba na kutoa moto, na tarehe 10 Oktoba wote wakaingia kwenye boti. Usiku wa kwanza walijibanza kwenye kisiwa kitupu cha jirani cha Nightingale chenye pengwini wengi kuliko paa za kulala, meli ya Waholanzi ikawachukua hadi Cape Town, nyingine ikawapeleka Southampton huko Uingereza, wakashuka tarehe 3 Novemba. Watu kama 260 hivi, kisiwa kizima pamoja na wageni waliokuwa wanafanya kazi pale. Kwanza waliwekwa kambini huko Surrey, afu Januari 1962 wakahamishiwa Calshot karibu na Southampton, kwenye nyumba zilizokuwa za wanajeshi wa anga.

Hapo ndo ulinganisho wenyewe unaanza, na sio wa kusoma kwenye vitabu, hawa waliuishi. Uingereza ya wakati ule ilikuwa na watu zaidi ya milioni 50. Mtu ametoka sehemu ambayo kila sura anaijua na ya baba yake anaijua, anatupwa kwenye nchi ambayo unapishana barabarani na watu mia na hamna hata mmoja anayekusalimia. Kwao milango hawafungi, huku lazima ufunge. Waandishi wa habari kila siku mlangoni na makamera, wanataka kuona hawa watu wa kale wanakula nini, wanasemaje, kumbe jamaa ni watu wa kawaida tu wanaongea Kiingereza chao na wanajua kusoma. Halafu magonjwa. Kwenye kisiwa mafua yalikuwa yanakuja na meli na kuondoka, kinga ya mwili haijazoea, kwahiyo majira ya baridi ya kwanza yaliwapiga vibaya na wazee kadhaa wakafa kwa magonjwa ya kifua.

Lakini tusidanganyane, wengine walifurahia. Vijana hasa. Sinema, dansi, televisheni, mshahara kila Ijumaa mkononi, mabinti wakapata wachumba. Ukiwa na miaka 18 na maisha yako yote umeona wavulana walewale ambao nusu yao ni binamu zako, Southampton ni kama peponi bwana.

Sasa mbona kura ikawa vile? Mimi naona watu wengi wanakosea wakisema eti walipenda utulivu na hewa safi. Hewa safi ipi, kisiwa kina upepo wa kung'oa mapaa na mwaka 1885 walipoteza wanaume 15 kwa mpigo kwenye boti moja. Shida ilikuwa nyingine. Kule kwao mwanaume mmoja ni mvuvi, mkulima, fundi wa mawe, mtengeneza boti, na hana bosi. Uingereza akawa kibarua wa kiwandani au mfagiaji, anapangiwa saa ya kuingia na saa ya kutoka na mtu asiyejua jina lake. Kule ana nyumba aliyoijenga mwenyewe, ana ng'ombe, ana shamba la viazi, huku anaishi kwenye nyumba ya serikali na viazi ananunua dukani. Viazi! Watu ambao mwaka 1946 walipotengenezewa stempu zao za majaribio ziliwekewa bei ya viazi, ile ya peni moja imeandikwa viazi vinne, kwasababu pesa ilikuwa bado haijawaingia vizuri na viazi ndo vilikuwa kipimo cha thamani. Wamelelewa na mkataba unaosema hakuna mkubwa kwa mwenzake, afu wanakuja nchi ambayo wao ndo wa mwisho kwenye foleni, na hata kuwahurumia kwenyewe kulikuwa ni namna ya kuwaambia nyie ni wa chini.

Serikali ilitamani wabaki, manake kuhudumia kisiwa cha watu 260 huko mbali ni gharama na volkano imeshaamka. Ila mwanzoni mwa 1962 wanasayansi walienda kukagua wakakuta nyumba nyingi zimesimama, lava imemeza kiwanda cha kambakoche na ufukwe wa kupandishia boti, kijiji chenyewe kimebaki. Habari zikafika Calshot, wakaanza kudai. Desemba 1962 ikapigwa kura, na kundi kubwa likafika nyumbani Novemba 1963. Wachache walibaki Uingereza, na mwaka 1966 kundi la watu 35 likarudi tena Uingereza baada ya kuona kisiwani hakuendeki, na baadhi yao baadaye wakarudi kisiwani kwa mara ya pili. Nauli za hao watu nani alikuwa analipa sijui.

Na hawakurudi vilevile walivyotoka. Kibandari kilichojengwa miaka michache baadaye walikiita Calshot, jina la palepale walipokaa kama wakimbizi, kwahiyo nadhani chuki na Uingereza haikuwepo, walikuwa tu hawataki kuishi huko.

Leo je? Ardhi bado ni ya wote, hamna mtu anauza kiwanja. Kila kaya ina kikomo cha ng'ombe na kondoo, ili tajiri asije akajaza malisho mifugo yake peke yake. Mashamba ya viazi yako kama kilomita tano kutoka kijijini, vijishamba vidogo vimezungushiwa kuta za mawe kuzuia upepo, na barabara ya kwenda huko jamaa kwa utani wanaiita M1 kama ile barabara kuu ya London. Wana vibanda hukohuko mashambani na likizo wanaenda kukaa huko, yaani unaenda mapumziko kilomita tano kutoka kwako na unajisikia umesafiri kweli.

Hela inatoka zaidi kwenye kambakoche wa pale, wanaouzwa nje kwa bei nzuri. Siku bahari ikitulia, alfajiri mtu anapiga chuma kilichotundikwa pale kijijini, wenyewe wanakiita dong, kikilia tu wanaume wanashuka bandarini, hata yule ambaye kazi yake ya kila siku ni ofisini au ufundi umeme, manake siku za bahari kukubali ni chache na zikipita zimepita. Jioni kiwandani wanaingia na wengine kuchambua na kufungasha, mpaka usiku. Ofisi ya serikali siku hiyo ukiikuta ina watu una bahati. Jaribu kumwambia bosi wako wa Posta kwamba leo sijaja kwasababu bahari imetulia.

Upande wa pili ni mgumu na lazima usemwe. Hospitali ipo, nzuri tu, imefunguliwa 2017, ila ukihitaji upasuaji mkubwa unasubiri meli, na ikiwa dharura wanaomba meli yoyote inayopita bahari ile igeuze njia. Shule inaishia umri wa miaka 16, baada ya hapo mtoto anasafirishwa Saint Helena au Uingereza. Pumu imewajaa, karibu nusu yao wanayo au wana dalili zake, kwasababu baadhi ya wale waanzilishi wachache walikuwa nayo na damu imezunguka humohumo, watafiti wa vinasaba walishaenda kuwapima sana kwa sababu hiyo. Na kitu cha kuagiza mtandaoni kilikuwa balaa, vifurushi vya Edinburgh vinaenda Scotland kwenye mji wenye jina hilohilo, mpaka mwaka 2005 walipopewa postikodi yao wenyewe, TDCU 1ZZ, ndo ikaanza kueleweka, ingawa kueleweka sio kufika, bado unasubiri meli.

Kutembelea unaweza, ila lazima uombe ruhusa kwa baraza la kisiwa kabla hujapanda meli. Kuhamia ndo hapana. Mgeni haruhusiwi kununua ardhi wala kujiamulia kukaa, na hii sheria ndo iliyowalinda wasije wakanunuliwa na matajiri wa kutafuta pa kujificha. Sasa hivi inawabana wenyewe, kwasababu wazee ni wengi, watoto wanaozaliwa ni wa kuhesabu, vijana wakienda kusoma wengine wanaoa na kuolewa hukohuko, na mtu wa nje wa kujaza pengo sheria haimruhusu. Wale walioondoka na mabegi mwaka 1961 walikuwa wengi kuliko waliopo pale leo.