Konsoli Ndogo za Gemu za Zamani: Ni za Nani Hasa?

"Hii ni ya mtoto, mama. Iko na gemu elfu kumi." Ndivyo utakavyoambiwa kwenye vibanda vya simu na chaja mjini Kisumu, kuanzia Oginga Odinga Street hadi Kondele, ukiulizia kile kisanduku chenye picha ya Mario. Sentensi ni fupi, lakini imechanganya vitu viwili visivyo ndugu: konsoli ndogo rasmi za kampuni zenye gemu zake, na fimbo za bei nafuu za kuchomeka kwenye TV, zilizojazwa gemu za kila mtu. Kuhusu ni nani aliyekusudiwa, muuzaji amekosea kabisa kwenye zile rasmi, na kwenye zile fimbo amepatia zaidi ya anavyojua.

Tuanze na zile rasmi. Atari ilikuwa ikiuza konsoli zake za Flashback tangu 2004, lakini moto uliwashwa na Nintendo mnamo Novemba 2016, ilipotoa NES Classic: konsoli yake ya NES ya miaka ya 1980 iliyofanywa ndogo ya kukaa kiganjani, ikiwa na gemu 30 ndani. Septemba 2017 ikafuata SNES Classic, toleo dogo la konsoli iliyoirithi NES, yenye gemu 21. Sony ikaja na PlayStation Classic Desemba 2018, na Sega na Mega Drive Mini Septemba 2019.

"Ni kitu cha kuchezea watoto"

Hesabu ya umri peke yake inatosha kuitilia shaka dhana hii. NES ya kwanza iliingia madukani Marekani mwaka 1985. Mtoto aliyeipata akiwa na miaka minane alikuwa anakaribia arobaini NES Classic ilipotoka. Ana mshahara, ana watoto, na muda hana.

Sasa itazame mashine yenyewe. Gemu za wakati ule hazikuwa na huruma. Ukifa mara tatu unarudi mwanzo, na stima ikipotea ndiyo basi. NES Classic inakuruhusu kusimamisha gemu popote ulipofika na kuihifadhi, nafasi nne kwa kila gemu. Mtoto aliye likizo ya Agosti na mchana mzima mbele yake hana shida kubwa na kuanza upya. Anayehitaji nafasi hizo ni mtu aliyepata dakika ishirini baada ya kuosha vyombo. Hakuna akaunti ya kufungua, hakuna masasisho ya kupakua, wala haiulizi intaneti. Unachomeka na kucheza, kisha unazima na kwenda kulala.

Ushahidi ninaoupenda zaidi uko kwa Sega. Kwenye Mega Drive Mini, vile vilango vya kupitishia kaseti vinafunguka, na kile kitelezi cha sauti kinasogea. Vyote viwili havifanyi kazi yoyote. Huko Japani Sega iliuza hata seti ya plastiki iliyoigiza Mega-CD na 32X, vile vifaa vya ziada vya miaka ya 1990, ili mtu avipachike kwenye konsoli yake ndogo na kupata ule mnara wa zamani. Navyo ni plastiki tupu, havina hata waya. Mtoto wa miaka tisa atakuuliza mlango unafunguka wa nini ikiwa hauingizi kitu. Anayetabasamu ni yule aliyewahi kuingiza kaseti pale akiwa amevaa kaptula ya shule.

Nintendo nayo, Julai 2018, iliuza Japani Famicom ndogo (Famicom ndiyo NES ya Wajapani) ya rangi ya dhahabu yenye gemu 20, nyingi zikitokana na hadithi za katuni za jarida la Shōnen Jump, jarida hilo likiadhimisha miaka 50. Hiyo ni zawadi ya wanaume waliolisoma wakiwa wavulana.

Na wanunuzi walijitokeza. NES Classic iliporudi madukani Juni 2018, ndiyo konsoli iliyouzwa kwa idadi kubwa kuliko zote Marekani mwezi huo, ikazipita hata PlayStation 4 na Switch. Sidhani ni pesa za kuvunja kibubu cha mtoto zilizofanya hivyo.

"Ni mashine ileile, imefanywa ndogo tu"

Hapana. NES asilia ilikuwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kilobaiti 2. NES Classic ina megabaiti 256. Ndani yake kuna kompyuta ndogo inayoendeshwa na mfumo wa Linux, na juu yake programu inayoiga tabia za mashine ya zamani ili gemu isijue kuwa imehamishwa nyumba. SNES Classic iliyofuata ina ubao wa aina ileile, ganda tu ndilo tofauti. Kwa hiyo usimsumbue fundi akuunganishie kaseti zako za zamani. Pa kuzichomeka hapapo.

"Basi ni za kila mtu aliyekulia enzi hizo"

Hii ndiyo dhana inayotuhusu sisi, na ndiyo iliyojificha vizuri zaidi, kwa sababu inatubembeleza. Mtu wa Kisumu, Kakamega au Nakuru aliyezaliwa katikati ya miaka ya 1980 akiona ile pedi ya mstatili yenye vitufe vyekundu, moyo unamruka. Anadhani ameandikiwa barua. Lakini akumbuke vizuri alichokuwa akicheza.

Nyumba iliyokuwa na gemu ya TV mtaani, ile ambayo watoto wote waliijua na ambayo mama mwenye nyumba aliwafukuza jioni, kwa kawaida haikuwa na Nintendo. Ilikuwa na mashine ya kuigiza, iliyotengenezwa Taiwan au Uchina, na kaseti ya manjano iliyodai kuwa na gemu 9999 huku zikiwa chache zinazojirudia kwa majina tofauti. Ikikataa kusoma, kaseti inachomolewa, inapulizwa, inarudishwa. Na zilizochezwa ni zipi? Vile vifaru vya Battle City vinavyolinda tai wao. Yule simba wa Circus Charlie anayeruka pete za moto. Contra, wawili wawili. Na bata wa Duck Hunt, ukiwa umesogeza bastola karibu kabisa na kioo ili usikose.

Katika gemu 30 za NES Classic, hakuna hata moja kati ya hizo nne. Contra imewakilishwa na mdogo wake, Super C. Duck Hunt haingewezekana, kwa sababu bastola yake ilitegemea namna televisheni zenye kisogo zilivyochora picha mstari kwa mstari, na TV bapa hazichori hivyo. Kuhusu Battle City na Circus Charlie, sababu ni ya kihistoria: hazikuwahi kuuzwa kwa NES huko Marekani. Zilitufikia sisi kwa kuwa mashine za kuigiza zilinakili Famicom ya Japani, si NES ya Marekani. Utoto wetu wa gemu ulitoka Japani ukapitia viwanda vya watu wasiolipa leseni, na kwa hiyo haukumo kwenye kumbukumbu za mauzo za mtu yeyote. Hata Famicom ndogo ya Japani haina vile vifaru.

Orodha hizi hazikupangwa ovyo. NES Classic na Famicom ndogo zinashiriki gemu 22, na nane zimebadilishwa kulingana na nchi. Marekani na Ulaya wakawekewa Tecmo Bowl, gemu ya ule mpira wa Marekani wa kofia na mabega. Wajapani wakawekewa ya mieleka ya sumo. Mtu alikaa mezani akajiuliza mteja wa kila soko alikuwa akicheza nini akiwa darasa la tatu. Hakuna aliyeuliza kuhusu mitaa ya Kisumu kama Manyatta au Nyalenda, na kibiashara sioni kwa nini angeuliza. Kampuni huwauzia kumbukumbu wale iliowahi kuwauzia mashine.

Kwa PlayStation mambo yalipaswa kuwa tofauti, maana hiyo tuliijua. PS1 na baadaye PS2 ndizo zilizojaza vibanda vya gemu, kuanzia Kondele hadi Kaptembwo kule Nakuru, vijana wakilipia kwa mechi, anayefungwa anaondoka na mwingine anashika pedi. Na neno lenyewe ni hilo: mechi. Watu walikwenda kucheza kandanda. Sasa fungua PlayStation Classic. Gemu 20, na hakuna ya kandanda hata moja. Kuna ya kuteleza kwenye theluji, ndiyo.

Sababu moja si ngumu kuikisia. Gemu ya kandanda hujaa majina ya wachezaji, klabu na ligi, na kila jina lina mwenyewe wa kulipwa. Lakini hata kilichopatikana hakikupikwa vizuri. Tekken 3, ile gemu ya mapigano, ipo, na wapenzi wa mhusika wake Eddy wangefurahi, ila Sony iliweka toleo la Ulaya. Televisheni za zamani za Ulaya zilibadilisha picha mara 50 kwa sekunde, za Marekani na Japani mara 60, na gemu nyingi ziliposafirishwa kwenda Ulaya zilikwenda kwa mwendo wa pole. Gemu tisa kati ya zile 20 ziliwekwa kwa mtindo huo, hata kwenye mashine zilizouzwa Marekani. Waliokulia na mashine hiyo waliisikia tofauti mikononi mara moja. Bei iliyoanza dola 99.99, takriban shilingi elfu kumi za wakati huo kabla ya nauli na ushuru, ilishuka hadi dola 60 hivi ndani ya wiki chache, na haikukomea hapo. Ukitengenezea bidhaa mtu mwenye kumbukumbu, ujue kwamba anakumbuka.

"Ile fimbo ya gemu elfu kumi ni kitu hichohicho"

Fimbo ya HDMI yenye pedi mbili zisizo na waya, kati ya elfu mbili na elfu nne kutegemea ubishi wako, haina uhusiano wowote na Nintendo, Sony wala Sega, hata picha ya kisanduku iseme nini. Gemu zake zimenakiliwa bila leseni. Ile elfu kumi ina gemu ileile mara tatu: toleo la Japani, la Marekani na la Ulaya. "4K" iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni maneno ya kisanduku. Picha ya NES ina upana wa nukta 256 na urefu wa nukta 240, na kuitandaza kwenye TV ya inchi 43 hakuiongezei nukta moja. Pedi zake huchelewa kidogo, jambo ambalo kwenye Mario linatosha kukutumbukiza shimoni. Na gemu zote zimo kwenye kadi ndogo ya bei rahisi. Ikifa kadi, zimekwenda zote.

Nimezisema vibaya, lakini nizipe haki yake. Hapo ndani mara nyingi utakuta Battle City. Utakuta Contra. Pedi ni mbili, hivyo ndugu wawili hawagombani. Bei yake mzazi wa kawaida anaimudu. Konsoli rasmi ni ya mtu mzima wa mbali anayetaka kurudia utoto wake. Anayetumia fimbo hii ni mtoto wa leo wa Migosi ambaye hana habari kuwa anachocheza kina umri wa kumzidi babake. Ukitafuta konsoli ndogo ya gemu za zamani iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wetu, hii ndiyo, na haikutengenezwa na yeyote kati ya waliobuni gemu zake.

"Zilikuwa adimu, kwa hiyo ni za kuweka zipande bei"

NES Classic ziliuzwa takriban milioni 2.3 kabla Nintendo haijasimamisha utengenezaji Aprili 2017, na wakati huo walanguzi waliziuza mtandaoni kwa mara kadhaa ya dola zake 59.99. Kisha Juni 2018 zikarudi kwa bei ileile, na waliolimbikiza wakabaki na visanduku. Weka pesa zako kwenye chama.

"Ikiletwa na shangazi kutoka ng'ambo, itawaka tu"

Itawaka, ikiwa umejiandaa. Ina HDMI peke yake, kwa hiyo TV yenye kisogo haiwezi kuipokea bila kifaa cha kugeuza. PlayStation Classic, na NES Classic zilizouzwa Ulaya, zinakuja na waya wa USB bila kichwa cha kuchomeka kwenye soketi. Kichwa cha chaja ya simu cha volti 5 na ampea 1 kinatosha. Kurudi kwenye menyu ya NES Classic lazima ubonyeze kitufe kilicho kwenye konsoli yenyewe, si kwenye pedi. Na waya wa pedi yake una urefu wa sentimita 76 hivi. Kama TV iko juu ya kabati na makochi yenye vitambaa yako ukuta wa pili, tafuta waya wa kuunganishia, la sivyo baba mwenye nyumba atacheza akiwa amesimama, uso karibu na kioo, na watoto nyuma yake wakilalamika kwamba amewaziba.